Ofa Mpya ya VPS: Subiri Wapangaji Wajae Ndipo Uisifie

Wiki hii kijana mmoja wa Masasi ameniandikia: "Shikamoo kaka. Kuna kampuni imetoa mipango mipya ya VPS. Prosesa 4, RAM gigabaiti 8, diski ya NVMe, bei nusu ya ninayolipa sasa. Nimeijaribu siku ya kwanza, inakimbia balaa. Nilipie mwaka mzima nipate punguzo?"

Marahaba mdogo wangu. (Kwa asiyejua, VPS ni seva ya kukodi: kipande chako ndani ya mashine kubwa mnayoshiriki wateja wengi.) Usilipie mwaka. Lipia mwezi mmoja, na usihamishie mteja yeyote huko kwanza. Sababu naieleza kwa urefu kwa kuwa jambo hili liliwahi kunigharimu heshima.

Mnaonifuatilia mnajua kazi yangu hapa Mtwara: naviwekea vyama vya msingi mfumo wa kupokelea korosho. Karani anapima gunia, anaingiza kilo, mkulima anapata SMS. Sehemu kubwa ya mwaka seva haina kazi. Ikifika Oktoba, minada ikianza, kila mtu anataka kujua bei imefika ngapi na malipo yanaingia lini, wote ndani ya saa zilezile. Seva ya kazi ya namna hii huwezi kuipima Machi ukajua itakuwaje Novemba.

Chama kimoja upande wa Tandahimba kiliniita seva ikiwa imeshanunuliwa. Mhasibu alikuta ofa ya uzinduzi, akalipia mwaka mzima, mimi nikakabidhiwa nywila tu. Nilipoipima, namba zilikuwa nzuri kweli. Hata hivyo niliwaambia wanakamati kwamba vipimo vya wiki ya uzinduzi havitoshi kuamulia msimu. Wakaona natafuta njia ya kuongeza bei yangu.

Mnada wa kwanza ulipita salama. Kufikia katikati ya Novemba, ukurasa uliokuwa unafunguka papo hapo ukawa unazunguka tu, makarani wamekaa wanaangalia kioo, foleni ya magunia imetoka nje ya ghala. Kwenye kikao nikaitwa fundi wa kubahatisha, mbele ya wazee ninaowaamkia kila siku. Neno lile linaniuma hadi leo, sitaki kuficha.

Usiku ule niliingia kwenye seva nikafungua programu ya top, inayoonyesha seva inavyotumika. Kwenye mstari wa prosesa, mwishoni kabisa, kuna herufi mbili: st. Namba iliyo hapo ni asilimia ya muda ambao seva yako ilikuwa tayari kufanya kazi, lakini mashine kubwa inayoibeba ilikuwa inahudumia wengine. Ikibaki sifuri au moja, uko salama. Ikipita kumi na kung'ang'ania hapo, umenunua prosesa zinazotumiwa na jirani. Yangu usiku ule ilikuwa inapita ishirini.

VPS ni chumba katika nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani. Mkiwa wapangaji wawili, ndoo inajaa mara moja. Vyumba vikijaa wote, bomba ni lilelile, na mwenye nyumba hajasema uongo wowote. Ndiyo maana mpango uliozinduliwa juzi unakimbia: mashine bado ni tupu. Mwandishi anayekuletea vipimo vya siku ya kwanza anakupimia utupu huo, na wewe unaenda kukaa humo vyumba vikiwa vimejaa.

Niliweka skripti ndogo ikaandika namba ya st kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, siku za mnada na zisizo za mnada. Nikachora grafu, nikaipeleka kikaoni. Hakuna aliyebisha. Tukahamia seva yenye prosesa zisizogawanywa, RAM nusu ya ile ya mwanzo, bei juu kidogo. Msimu ukaisha bila foleni, na msimu uliopita haikusimama hata siku moja. Nasema hivi kwa fahari, kwa sababu nilifanya kazi yangu kwa vipimo tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukipewa mpango mpya, iache skripti ya namna hiyo ikimbie wiki kadhaa kabla hujaamua chochote. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na nikiambiwa nichague kimoja tu, nitabaki na hicho.

Diski nayo ina ujanja wake. Matangazo yanakupa kasi ya kusoma faili kubwa moja kwa mfululizo, gigabaiti kadhaa kwa sekunde. Hifadhidata haifanyi kazi hivyo. Kila karani akibonyeza kuhifadhi, kinaandikwa kipande kidogo, na mfumo unasubiri diski ithibitishe kuwa imeandika. Tumia fio, programu ya kupima diski, weka vipande vya kilobaiti 4, uandishi wa hapa na pale, na uangalie muda ambao kila uandishi unasubiri. Rudia saa mbili usiku na alfajiri. Bora zaidi, pandisha nakala ya data ya msimu uliopita uicheze upya.

Halafu kuna umbali, ambao wenzetu wa Ulaya wanaoandika tathmini hawana haja ya kuuwaza. Mwanga ndani ya nyaya za faiba unasafiri kama kilomita 200 kwa kila milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na kwa njia halisi za baharini huwa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kabla ukurasa salama haujakupa hata herufi moja, simu na seva kwa kawaida zinaulizana na kujibizana kama mara tatu. Umeshapoteza karibu nusu sekunde na prosesa haijaguswa. Pima kwa mtr, programu inayoonyesha njia ya mtandao na muda wake, ukiwa Mikindani au Newala, kwa laini wanayotumia makarani wako, na uangalie njia yenyewe: nimewahi kukuta seva ya Dar inafikiwa kwa kuzungukia nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, waliotegemea seva za ng'ambo walisota. Faiba ya nchi kavu kutoka huku hadi Dar haipiti baharini huko.

Mipango ya bei rahisi mingine inatumia mtindo wa akiba. Seva za kukodi za aina ya T3 za Amazon, kwa mfano, zinakusanya pointi zikiwa zimetulia na kuzitumia kazi ikiongezeka; ile ndogo iitwayo t3.micro kiwango chake cha kawaida ni asilimia 10 kwa kila prosesa. Kwa tovuti ya nyumba ya wageni inatosha kabisa. Kwa siku ya mnada, soma masharti kwanza.

Kuhusu bei, uliza bei ya mwaka wa pili, uliza kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imo, na ukumbuke dola. Mwaka 2024 shilingi ilipita 2,600 kwa dola, na aliyekubaliana na mteja kwa shilingi akilipa seva kwa dola alilipa tofauti hiyo mfukoni mwake.

Vijana wa Kusini, niwaambie kitu. Mteja wa Dar akikwama, anapiga simu anapata fundi mwingine jioni ileile. Mkulima wa Nanyamba akikosa ujumbe wa malipo yake anatembea hadi chama, anarudi mikono mitupu, na anayelaumiwa ni wewe uliye karibu. Usikubali kazi ambayo seva imechaguliwa na mtu asiyepima. Ukiikubali, andika vipimo vyako, weka tarehe, viwasilishe kwa maandishi kabla msimu haujaanza.

Kwa sasa nina mipango miwili mipya kwenye majaribio, mmoja wa Dar na mmoja wa Cape Town. Wa Dar unajibu haraka zaidi ukiwa Mtwara mjini, ila diski yake inachoka jioni. Wa Cape Town st yake haijapanda bado, lakini ndiyo kwanza umetoka. Sihamishi mtu mpaka nione namba za Novemba.