Jibu: Nataka giza na ukimya, niende Chalbi peke yangu?

Ndugu, umeuliza kama ukodi gari uende Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, peke yako, ulale siku tatu utazame nyota. Nenda, ila si peke yako. Chukua dereva mwenyeji kutoka Marsabit, na mkiweza yaende magari mawili. Ile chumvi juu huonekana ngumu, chini yake ni tope, na likishakunasa unaweza kukaa kutwa usione mtu. Kabla ya kuondoka Marsabit, uliza hali ya usalama. Maji beba zaidi ya unavyodhani, mimi hupiga hesabu ya lita 7 kwa mtu kwa siku.

Piga kambi karibu na Kalacha, kwa ruhusa ya Wagabra wenyeji. Epuka Aprili na Novemba, miezi ya mvua. Nenda Julai, siku mwezi unapokaribia kuandama: Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, hupita utosini. Ukitaka kuona Kilimia, kile kishada cha nyota, jioni, subiri Januari. Zima simu, macho huhitaji kama dakika 30 kuzoea giza. Upepo wa huko ni mkali, funga hema barabara. Upweke utaupata tu: mwombe dereva alale mbali kidogo.