Kijana anakamatwa kwa ajili ya jina la Kikasai

Mama, unasema polisi wa Katuba, hapa Lubumbashi, wakisoma jina la Kikasai (la watu wa eneo la Kasai) la kijana wako wanamshika, na juzi amelala kasho, yaani mahabusu. Inaniuma sana. Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 13, inakataza ubaguzi wa kabila.

Akisimamishwa tena asikimbie. Atoe kadi ya mpiga kura, aulize taratibu: "Shefu, kosa langu ni nini?" Kifungu cha 18 kinataka aambiwe sababu papo hapo, aruhusiwe kuwaita ninyi au avoka (wakili). Kasho ya polisi haipiti saa 48. Kisha aachiliwe au apelekwe parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Wakidai pesa bila risiti, andika siku, saa na jina la ofisa.

Kama alipigwa, nendeni kwa daktari leo hii, alama zisije zikapotea, mchukue cheti, ndipo mwone avoka. Tafadhali, usiende kwa OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza kesi) peke yako.