Maji ya kandoro ya kilo ishirini na tano

Jumatatu nimemkuta kijana wetu mpya kafungua faili la mwezi wa tatu, kafuta jina la mteja wa zamani, kaweka la mteja mpya, kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iko tayari kutumwa. Dakika kumi! Akanitazama kama anayengoja kupongezwa. Nikamwambia, mdogo wangu, kaa hapo. Na nyie wengine mlioanza mwaka huu dawati la kemikali la ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini, sogezeni viti.

1. Kibali cha Mkemia Mkuu kinaombwa kabla mzigo haujapakiwa huko utokako, na mteja awe ameshasajiliwa. Meli ikiwa imetia nanga, hapo huombi kibali tena, unaomba huruma.

2. "Soda" si jina la kitu. Kwa namba za ushuru wa forodha, soda ashi ni 2836.20, bikaboneti ya jikoni ni 2836.30, kostiki, ile kali inayounguza, ni 2815, na wauzaji wa nje wote huandika "soda" kwenye ankara kana kwamba tunaagiza vinywaji. Daini namba ya CAS, namba ya utambulisho wa kemikali.

3. Namba ya CAS nayo haitoshi. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kontena moja la kostiki, la futi 20. Mteja alikuwa mama anayetengeneza sabuni za mche, mzigo wake wa kwanza kuagiza mwenyewe badala ya kununua Kariakoo. Nikafanya kama alivyofanya huyu kijana: nikatoa faili la nyuma la kostiki, nikanakili. Na msidhani sikuhakiki. Nilihakiki! CAS kwenye faili la zamani 1310-73-2, CAS kwenye ankara mpya 1310-73-2. Nikajiona mkemia.

Sikujua kwamba CAS inakutajia kemikali, haikutajii umbo lake. Faili la zamani lilikuwa la kostiki ya maji: 2815.12, UN 1824 (namba ya UN ni ya kusafirishia vitu vya hatari). Mzigo wa mama ulikuwa wa magamba makavu: 2815.11, UN 1823. Kibali nikaombea maji. Kadhia nikaandika maji. MSDS, karatasi ya usalama wa kemikali, niliyoambatisha ilikuwa ya maji, ya kiwanda kingine kabisa. Packing list, orodha ya vifungashio, ilisema wazi mifuko 960 ya kilo 25, na mimi nimeigonga muhuri kwa mkono wangu huu bila kuisoma.

Siku ya ukaguzi lakiri ikakatwa, mlango ukafunguliwa. Afisa akatazama mifuko, akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Kijana, maji ya kandoro ya vifuko vidogo nayajua. Haya ya kilo ishirini na tano ndiyo kwanza nayaona."

Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi, kwa kutaka kuonyesha kwamba nami nina utaalamu, nikaingiza mkono kwenye mfuko uliochanika, nikatoa magamba machache niyatazame. Saa saba mchana, kiganja kimelowa jasho. Vidole vikaanza kuteleza kama nimeshika sabuni. Sabuni yenyewe ilikuwa mafuta ya ngozi yangu mwenyewe. Nilikimbilia bomba, nikakaa nalo muda mrefu, na alama mpaka leo iko hapa chini ya kidole gumba.

Kidonda hicho kilipona mapema kuliko faili. Kurekebisha kadhia ni barua, na barua inataka kibali sahihi, na kibali sahihi kinataka MSDS sahihi, na muuzaji alikuwa kwenye sikukuu ya wiki nzima kwao. Siku 17. Storeji, ada ya kuhifadhi mzigo bandarini, inapanda, demareji, tozo ya kuchelewesha kontena, inapanda, na kila asubuhi simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Leo?" Hakuwahi kunipigia kelele. Angepiga kelele ningelala. Bosi alikata sehemu ya storeji kwenye mshahara wangu kwa miezi minne, na nikamwona ana haki, ingawa sikumwambia.

Kwa hiyo: soma namba ya UN kwenye MSDS, soma aina ya kifungashio kwenye packing list, kisha jiulize kama vinaelewana.

4. Sura ya 28 ya kitabu cha ushuru ni ya kemikali isokaboni iliyo peke yake; ikiyeyushwa kwenye maji bado ni ya 28. Ikichanganywa na vingine kuwa dawa ya kusafishia mabomba, itafute kwingine. Nitrati ya amonia ni isokaboni lakini iko 3102.30, kwenye mbolea, na tangu ilipolipuka Beirut 2020 hakuna afisa anayeitania. Ukipata faili lake, niite.

5. Gari. Kemikali haipandi fuso la kwanza uliloliona getini. Dereva awe na mafunzo, gari liwe na kibali na alama, na msichanganye na vyakula. Kuna aliyeniuliza kama unga wa ngano unaweza kupanda juu ya kostiki "kwa sababu vyote viko kwenye mifuko". Simtaji. Anajijua, na amekaa karibu na dirisha.

6. Glovu ziko droo ya pili, chini ya stepla. Ukizitumia, zioshe kabla ya kurudisha.