Magunia Mawili, Chumba Kimoja

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi huku Mbagala. Kila mwaka baada ya mavuno mama yangu hututumia chakula kutoka Songea. Safari hii ni magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia na madebe mawili ya maharage, na anasema akipata gari ataongeza. Mwaka jana gunia nililisimamisha nyuma ya mlango. Kufika Desemba chini yake pamejaa unga mweupe, wadudu wametambaa hadi kwa jirani, na mama mwenye nyumba akanitolea maneno. Sasa kuna anayenishauri ninunue vidonge vya kutumbukiza kwenye gunia. Nifanyeje? – Mpangaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na hivyo vidonge kwa sababu haviwezi kungoja: usivinunue, na kama umeshanunua usivifungulie humo ndani. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi, na gesi hiyo haichagui kati ya mdudu na mtoto aliyelala. Ni dawa ya maghala, inayowekwa na watu waliofundishwa, jengo likafungwa na kila mtu akatoka. Ninyi mnalala hapo hapo penye gunia. Watu wamekufa usingizini kwa jambo hili, familia nzima. Mwambie na huyo anayekushauri, maana huenda na yeye anavyo chini ya kitanda.

Dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi nayo ina mahali pake, shambani kwenye kihenge, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Chumbani, watoto wanapocheza sakafuni, mimi siitaki.

Turudi kwenye gunia lako. Nimeuza nafaka soko la Tandale miaka mingi, na huo unga mweupe unaousimulia naufahamu. Fukusi wa kawaida, yule mdogo mwenye pua ndefu, hutoboa punje na kuiacha na tundu. Anayeacha unga mwingi kiasi hicho mara nyingi ni dumuzi. Huyu ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima wengine wakampa jina la Scania. Uwezekano mkubwa ni kwamba hakuzaliwa Mbagala. Alisafiri ndani ya mahindi yako tangu kijijini, wewe ukampa joto la Dar es Salaam na gunia ambalo kila siku lilikuwa wazi.

Hapo ndipo penye shida yako, mwanangu, kuliko huo udogo wa chumba. Gunia moja lilikuwa akiba na hapo hapo lilikuwa matumizi. Kila jioni unalifungua, unachota, unalikunja mdomo. Mdudu anapata hewa mpya kila siku, na nafaka inavuta unyevu wa pwani. Mdudu wa nafaka anahitaji hewa kama mimi na wewe. Mfungie ndani ya chombo kilichojaa, kisichopitisha hewa, naye ataimaliza ile kidogo iliyobaki katikati ya punje, ataacha kula, kisha atakufa. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa maduka ya pembejeo hufanya kazi hiyo hiyo, na ni mizuri mno. Lakini mfuko wa kilo mia ukishaufungua ndani ya chumba kimoja umeharibu kazi yote, na panya akiutoboa vivyo hivyo.

Kwa hiyo kwako nasema madumu. Yale ya lita ishirini yaliyokuwa na mafuta ya kula, yenye mfuniko unaokaza. Dumu moja linachukua karibu kilo kumi na tano za mahindi, hivyo gunia lako ni madumu sita au saba, na yote mawili ni kumi na matatu au kumi na manne. Inua kitanda kwa tofali. Kama ni cha futi nne kwa sita, madumu hayo yanapangika chini yake na nafasi ya mabegi inabaki. Faida kubwa ni kwamba unafungua moja tu, na mengine yote yanabaki yamefungwa hadi zamu yake ifike. Usichukue dumu lililowahi kubeba dizeli, mafuta ya taa au dawa ya shamba, hata ukiambiwa limeoshwa mara ngapi. Yako uyaoshe kwa sabuni na maji ya moto hadi mafuta yaishe, kisha uyaanike juani mdomo wazi mpaka yakauke kabisa.

Kabla ya kujaza, kausha nafaka. Hapa usiwe na haraka hata kidogo, maana nafaka mbichi ikifungiwa inaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Chekecha mahindi kwanza, pepeta, bagua punje zilizooza au zenye rangi ya kijani na nyeusi, uzitupe. Kuku nao usiwape. Yaliyobaki yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, ukiyageuza geuza.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Isiponata umekaribia, lakini mimi ningeongeza siku moja zaidi ya jua kali, kwa kuwa chombo kisichopumua kinataka nafaka kavu kuliko gunia. Baada ya kuanua, acha mahindi yapoe chini ya kivuli, ndipo ujaze. Ukijaza yakiwa ya moto, dumu litatoa jasho ndani. Kata chupa ya maji uitumie kama faneli, gonga gonga dumu ili punje zishuke, jaza hadi shingoni, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo, kaza mfuniko. Andika tarehe. Ukilifungua kabla ya mwezi kwisha kwa kutaka kuchungulia tu, utaingiza hewa upya.

Maharage fanya hivyo hivyo. Ukiwa na dumu ambalo halijajaa, mfano lile la matumizi, lilaze na ulibingirishe asubuhi na jioni. Funza wa maharage anapotaka kuingia kwenye punje hujishikiza kwenye punje ya jirani, na kazi ya kutoboa humchukua muda mrefu. Ukimvuruga kila mara anashindwa kuingia. Watoto wako wataifurahia kazi hiyo. Pilipili kavu wanayoisifia watu sijaiona ikiokoa debe hata moja. Majivu yanasaidia ukiyaweka mengi sana, ila ni adha kwa chumba cha kulala.

Saga kidogo kidogo. Dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, huchacha mapema. Dumu moja ukilifungua, lipeleke lote mashine au nusu yake, unga ukae kwenye ndoo yenye mfuniko, ule, ukiisha ndipo ufungue jingine. Madumu yakae mbali na mkaa na mafuta ya taa, na shubiri moja kutoka ukutani.

Kuhusu kuongezewa, mpigie mama yako simu umwambie ukweli kwa upole: asitume zaidi sasa. Songea kuna baridi kuliko kwetu, akiba inatunzika vizuri zaidi huko. Mnunulie mfuko mmoja wa tabaka tatu, ajaze mahindi makavu, aufunge, akutumie mwezi wa pili au wa tatu, bei hapa mjini zinapokuwa juu na nusu ya madumu yako ni matupu.

SWALI: Shangazi, nimenunua dagaa wa Mwanza wengi kwa bei ya jumla. Sasa wanageuka rangi na harufu imekuwa kali. Niwafungie kwenye dumu? – Kijana wa Magomeni.

JIBU: Hapana. Dagaa wana mafuta, na mafuta yake ndiyo yanayochacha. Dumu halirudishi kilichokwisha kuharibika. Waliolainika au wenye ukungu watupe. Walio wakavu waondoe vichwa, waanike tena siku moja, gawana na majirani uliopanga nao, na wengine uwakaange kavu bila mafuta uwale wiki hii.