Fuata joto: nilivyopunguza LUKU na mkaa nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mita yetu ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ilianza kulia kuwa umeme unakwisha, saa mbili usiku, ule mlio wake unaokatisha hata taarifa ya habari. Umeme nilikuwa nimeweka siku sita tu nyuma, wa elfu kumi, yuniti 28. Nikatoka nje nikakuta taa ya uani inawaka na hakuna mtu uani. Basi watoto waliisikia usiku ule. Baba Zawadi naye hakusalimika, maana yeye ndiye bingwa wa kusahau taa ya choo.

Kuanzia hapo nikawa askari wa taa. Wiki mbili nzima nazunguka na kandambili nazima swichi, watu wanapapasa ukutani kwenda kunywa maji. Nilipoweka tena umeme wa elfu kumi nikahesabu siku: sita na nusu.

Ningekuwa nimepiga hesabu mapema nisingewasumbua. Balbu zetu ni hizi za LED za wati 9. Iache moja iwake kwa saa tano kila siku, mwezi mzima imekula yuniti moja na kitu. Kwa bei yetu hiyo ni kama shilingi 480. Zamani tulipokuwa na zile balbu za kioo za wati 60, kelele zingekuwa na maana, kwa sababu ileile taa moja ingekula yuniti 9. Kama bado unazo, zitoe leo. Hata wavuvi wa Kibirizi, hapa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, waliokuwa hawatengani na karabai, wengi wao sasa wanavutia dagaa kwa taa za LED za betri. Ukisimama mlimani usiku wa giza unaona ziwa limewaka kama mji.

Siku ya Jumamosi nikachukua kiti nikakaa mbele ya mita. Yetu iko ukutani barazani, na ina kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika. Nikazima kila kitu ndani, kitaa kikanyamaza. Nikamwambia Zawadi awashe kimoja kimoja. Taa zote za nyumba pamoja: kitaa kinapepesa kivivu, kama mtu anayesinzia. Runinga: kidogo zaidi. Pasi: kikaanza kukimbia. Birika la umeme: kikawa hakishikiki. Jirani alipita akaniuliza, "Mama Zawadi, mita imekukosea nini?" Nikamwambia imenifundisha.

Somo lenyewe ni fupi. Kinachotoa mwanga au sauti hakili sana. Kinachotoa joto ndicho kinachomaliza umeme, na friji nalo limo humohumo, maana kazi yake ni kutoa joto ndani na kulimwaga nje. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa moja ni yuniti nzima. Ile taa ya uani ingehitaji kuwaka zaidi ya siku nne, usiku na mchana, kuifikia.

Kwangu pasi ilikuwa inawashwa kila asubuhi, shati moja hapa, sketi moja pale, na kila mara inaanza kupashwa upya. Sasa nguo za wiki zinapigwa pasi Jumapili jioni kwa mkupuo, zikiwa na unyevu kidogo. Nguo nyepesi namalizia baada ya kuchomoa waya, joto lililobaki linatosha leso na vitambaa. Birika tunalijaza kwa vikombe tunavyohitaji, halafu chai inakaa kwenye chupa. Kabla ya hapo tulikuwa tunachemsha lita mbili kwa ajili ya kikombe kimoja, tunaacha yapoe, tunachemsha tena. Maji ya kuoga ya watoto nayaweka kwenye ndoo juani tangu saa sita. Hapa Kigoma jua lipo, sijui kwa nini nilikuwa nalilipia.

Friji ndilo lilikuwa na kisa. Nililinunua la mtumba, duka moja la hapa mjini, na muuzaji aliapa kwa watoto wake wote kuwa halili umeme. Lilikuwa halizimi. Usiku unalisikia linanguruma tu. Fundi wa mtaani akaniomba noti ya elfu moja, nikadhani anataka malipo ya awali. Akaibana noti kwenye mlango, akaivuta, ikatoka yenyewe bila kukwama. "Mpira umekufa, mama. Unapoza jikoni kote." Tukabadilisha mpira wa mlango, tukaliondoa friji pembeni ya jiko, tukaliachia nafasi ya kiganja nyuma yake lipumue. Barafu ikianza kunenepa ndani, nalizima naiyeyusha, siikwangui kwa kisu kama nilivyokuwa nafanya. Na mboga ya moto haiingii mle mpaka ipoe. Siku hizi friji linanyamaza, linaamka, linanyamaza tena. Jaribu hiyo noti kwako, haigharimu kitu.

Kabla sijaingia jikoni, neno moja la bei, maana wengi tunanunua bila kujua. Sisi tuko daraja la T1, shilingi 292 kwa yuniti, ukiongeza kodi na tozo inafika kama 356. Kuna daraja la D1 la wanaotumia kidogo, yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, wao ni shilingi 100 kabla ya kodi. Nyumba mbili zinashiriki ukuta mmoja, mmoja analipa theluthi ya mwenzake! Ila ukiwa D1 ukavuka 75, zile za juu yake ni shilingi 350 kila moja, kwa hiyo si mahali pa kujisahau. Na ukiona ununuzi wa kwanza wa mwezi umeleta yuniti pungufu, usigombane na wakala: ni kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida.

Sasa mkaa. Kwa kweli pesa nyingi ya nyumba hii haikuwa inapitia LUKU, ilikuwa inaishia kwenye jiko la bati. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa ilianza kuingia mwaka 2022 kupitia huko juu, Kibondo na Kasulu. Sisi tuliozoea umeme wa kukatika hatukuwahi kuufikiria kama kitu cha kupikia. Kupika ni mkaa. Mvua zikianza huku kwetu, mwezi wa kumi na moja, mkaa unapanda bei na unakuja umelowa, unapuliza mpaka machozi.

Na ujue mkaa umeshapoteza mengi kabla haujafika kwako. Kwenye tanuru la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa inakula kilo nyingi za mti, mara nyingine zaidi ya saba. Kisha tunauwasha kwenye jiko la bati linalopasha hewa, tunaweka sufuria isiyo na mfuniko. Mimi nilikuwa napika maharage hivyo kwa saa tatu, huku nikikemea balbu ya wati 9.

Aliyenishika mkono ni mama mkwe wangu, yuko Ujiji. Nilimkuta siku moja amekaa anachambua mchele, maharage hayapo jikoni, moto haupo. "Mama, mchana huu tunakula nini?" Akanionyesha kwa kidevu kapu kubwa la ukili limefunikwa blanketi kuukuu. Ndani mna sufuria, imezungushiwa kanga chakavu na matambara. Nikafunua, mvuke ukanipiga usoni. "Funika, mwanangu! Unanitolea moto wangu."

Namna anavyofanya ni hii. Maharage analoweka usiku, na yale maji ya kuloweka anayamwaga. Asubuhi anayachemsha yatokote kwa nguvu dakika 20 hivi, mfuniko umekaza, sufuria imejaa vizuri (sufuria nusu haishiki joto). Halafu bila kufunua anaihamishia kwenye kapu, anaizungushia matambara pande zote, chini na juu, anafunika blanketi. Saa nne baadaye yameiva. Anachofanya baada ya hapo ni kuyaunga tu, kwa mawese na kitunguu. Wali anaupa moto dakika chache mpaka maji yakaribie kukauka, unamalizikia kapuni. Ndizi vilevile.

Nilimuuliza inawezekanaje. Hakunipa fizikia, aliniambia, "Maharage yanataka joto. Moto unautaka wewe." Nimelifikiria sana hilo. Maji yakishachemka hayapandi tena joto, hata ukichochea vipi. Moto wote unaoendelea kuwaka chini ni wa kufidia joto linalotoroka ubavuni mwa sufuria. Ukilizuia lisitoroke, hakuna cha kufidia.

Mimi nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nafunua kila nusu saa kuchungulia, yakabaki magumu kama kokoto na watoto wakala mkate. Mara ya pili niliyaacha kapuni mpaka kesho yake asubuhi, yakachacha, nikamwaga sufuria nzima, na hapo sijui nilikuwa naokoa nini. Yatoe yakiwa bado ya moto, yape moto tena yachemke, ule. Na zile dakika za mwanzo usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutokota kwelikweli, angalau dakika 10. Joto la kapu peke yake haliitoi. Wako wanaotia magadi ili yaive haraka. Yanaiva, ila mwanangu wa pili anasema yananuka sabuni, na mimi niko upande wake.

Mwaka jana Baba Zawadi alirudi safari na jiko la presha la umeme. Nilinuna. Kitu cha wati 1,000, na mimi ndiye niliyekaa mbele ya mita! Nikasoma namba kabla, nikapika maharage, nikasoma namba baada. Pointi nne ya yuniti. Nikasoma tena kwa kutoamini. Ni kama shilingi 142, na mkaa wa elfu moja ulikuwa haunifikishi. Ilikuwaje, wakati nimesema joto ndilo linalokula? Ni kapu lilelile la mama mkwe, ila lina waya: limefunikwa, limekingwa pande zote, likishafika joto lake linajizima, linajiwasha kidogo, linajizima. Kanuni yangu ikabidi niirekebishe. Joto ni ghali pale tu unapoliacha litoroke. Kipikio cha koili kilicho wazi sikushauri hata kidogo. Bei ya presha yenyewe si ya kununua mwisho wa mwezi, nalijua hilo. Kapu ni matambara tu, anza nalo.

Mkaa bado tunao, kwa ugali na siku umeme ukikatika, lakini tuko kwenye jiko la udongo lililoungwa ndani ya bati, lenye kuta nene. Nikimaliza kupika siumwagii maji wala siuachi uishe wenyewe. Nautia kwenye sufuria kuukuu ya chuma yenye mfuniko wa kubana, nje, unakosa hewa unazima. Kesho yake una mkaa mkavu unaoshika haraka. Jiko lenye makaa usiliingize chumbani mnakolala, hata mvua inyeshe vipi. Hewa yake inaua, na haina harufu ya kukuamsha.

Kuwashia, nakiri, nilikuwa natumia mifuko na vipande vya chupa za plastiki kama nusu ya mtaa. Ule moshi mweusi tulikuwa tunauvuta sisi na watoto. Hapa kwetu hakuna sababu: makapi ya mawese yapo, ukienda wanakokamua unapewa bure au kwa pesa ya soda. Yamebaki na mafuta, njiti moja tu.

Taka nyingine nitazipitia haraka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kikapu kimerudi, ila vile vifuko laini vya karanga bado vinazagaa, na chupa za maji ndizo zaidi. Mji wetu ni mteremko. Ukitupa chupa Mwanga, mvua moja kubwa inaipeleka kwenye mtaro, mtaro unaipeleka ziwani. Na Tanganyika si mto: kina chake kinafika mita 1,470, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Kilichozama kimezama. Zangu nazikusanya kwenye kiroba, kijana anayeokota anapita kuzichukua. Maganda ya ndizi na mihogo yanakwenda shimoni nyuma ya nyumba, nafukia na majani na majivu kidogo, yanageuka mboji ya matembele. Ugali wa jana tunakula na chai. Hilo halihitaji makala.

Mwezi uliopita elfu kumi ilifika siku ya kumi na mbili. Kwa mwendo huo ni kama yuniti 70 kwa mwezi, na wiki ijayo nakwenda TANESCO kuuliza habari za D1. Mama mkwe nimempelekea picha ya mita kwenye simu, amejibu kwa sauti kuuliza kapu langu nimelifunika na blanketi gani, kwa sababu lake moja halionekani.

Taa ya uani inawaka hapo nje ninapoandika. Nitaizima nikienda kulala.