Kabla hujasema ng'ombe wako hana kupe, kunja sikio la ndama

Nilikuwa na ndama jike chotara wa miezi 3. Ilikuwa Agosti, na huku kwetu Mufindi mvua zilishakatika zamani. Kuogesha kwa dawa ya kupe nilikuwa nimekupunguza kutoka kila wiki hadi mara moja kwa mwezi, maana akilini mwangu kupe ni wa masika. Kila asubuhi nilipapasa chini ya mkia na kwenye kiwele cha mama yake, sikuona kitu.

Siku ndama alipogoma kunyonya nikamshika chini ya sikio. Tezi imevimba kama yai. Bwana mifugo akapima joto, 41. Kisha akalikunja sikio na kuniita nitazame: vidoa vya kahawia, kama ulezi umemwagikia humo. Mimi nikadhani uchafu. Akabandua kimoja, akakiweka juu ya karatasi nyeupe, kikaanza kutembea.

"Mama, hesabu miguu."

Minane. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Dawa yake ipo, buparvakwoni, na huponya ukiwahi. Mimi sikuwahi, povu lilipoanza kutoka puani nilijua.

Kupe mchanga aliyetoka kwenye yai ana miguu 6, mdogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa. Akishiba damu huanguka, hujibadilisha huko nyasini, na hurudi akiwa na miguu 8, mkubwa kidogo tu. Kwa kupe wa masikio, yule wa kahawia, hii miguu ina maana kubwa. Vimelea vya ndigana kali havipiti kwenye mayai, hivyo wa miguu 6 huja msafi. Ila akinyonya ng'ombe mwenye vimelea, huvibeba na kuvishusha kwa ng'ombe mwingine akisharudi na miguu 8. Huku kwetu wakubwa hujaa wakati wa mvua, lakini hao wadogo wa miguu 8 hutamba kiangazi, wakati wengi wetu tumeweka bomba la kunyunyizia stoo. (Kupe wa bluu msimpe imani hiyo: vimelea vya ugonjwa wa mkojo damu hupita hadi kwenye mayai yake.)

Kinachotusaidia ni kwamba kupe akishang'ata, vimelea vya ndigana huchukua siku kadhaa kukomaa ndani yake kabla hajaambukiza. Ukimtoa mapema umemuwahi. Kwa hiyo nakagua masikio kila baada ya siku 2, jioni, ndama akiwa amefungwa, tochi ya simu mdomoni. Kidole kinaona kuliko jicho: ngozi ya ndani ya sikio ni laini, ukisikia chengachenga, rudi hapo hapo. Na kuogesha ni kila wiki, mvua au jua, dawa ikiingia mpaka ndani ya sikio, si mgongoni tu kama tulivyozoea.

Ndama wa sasa nimemchanja, ana hereni yake ya chanjo sikioni. Chanjo ni ya ndigana kali peke yake, kwa hiyo tochi bado naishika.