Mchoro mdogo una uhai, picha kubwa imekufa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Asubuhi moja nilikaa Irente, ukingoni mwa mlima huko Lushoto, nikachora kwa pasteli, yaani chaki za rangi, Mazinde na nyika vilivyo chini. Mchoro ule mdogo naupenda. Nyumbani Korogwe nimeuhamishia kwenye karatasi kubwa huku nikifuata picha niliyopiga kwa simu. Rangi zimekuwa tope, na nikiongeza chaki haishiki. Nifanyeje?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza weka simu kando. Kivuli cha korongo simu hukifanya cheusi tii, na anga yenye ukungu huigeuza nyeupe tupu. Wewe uliona buluu na zambarau ndani ya kivuli, na mchoro wako ndio shahidi. Fuata huo. Picha ikukumbushe umbo la mti tu, basi.

Irente inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi kivuli cha mlima wenyewe hulala juu ya Mazinde, kisha hurudi nyuma jua linapopanda. Cha saa moja si cha saa tatu. Chagua kimoja, kiwekee mpaka mapema, na usikikimbize. Pembeni andika saa, na wapi pana giza kuliko kote. Eugène Boudin, Mfaransa wa karne ya 19, aliandika tarehe, saa na hata upepo kwenye michoro yake ya pasteli ya mawingu. Nampenda sana kwa hilo.

Sasa hilo tope. Umesugua mno kwa kidole. Karatasi ina mikwaruzo inayoshika unga. Ikijaa, chaki huteleza. Usiitupe! Simamisha ubao wima, pangusa palipochoka kwa brashi kavu yenye nywele ngumu, unga udondoke wenyewe. Usiupulize kwa mdomo, utauvuta kifuani. Kisha anza tena na rangi za giza, kwa chaki ngumu na mkono mwepesi, ukiacha rangi ya chini ichungulie. Nyika ya mbali ipe kijivu cha buluu, mwanga na kivuli vikikaribiana. Giza la kweli liwekee mwamba ulio miguuni pako. Chaki laini za mwanga zije mwisho: gusa mara moja, toa mkono.

Dawa ya kugandisha unga siipulizi juu ya mwanga huo, maana huufifisha. Mpelekee fundi fremu, mwambie atie ukanda wa kadibodi kuzunguka picha, kioo kisiguse unga.